Nusu Iliyobaki Msumarini

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kaniambia niandike, eti tangu mvua zianze amenikuta mara mbili naongea na cherehani. Nikamjibu kwamba cherehani angalau haimkatizi mtu maneno. Akacheka, lakini kabla hajaondoka aliligeuza daftari langu la vipimo kichwa chini, akaandika "Anzia hapa" kwenye ukurasa wa mwisho. Haya, nimeanza. Mbele ni viuno na mabega ya watu, nyuma ni mambo yangu.

Leo kaja mwalimu wa biolojia wa sekondari ya ng'ambo ya barabara. Kasichana tu, viatu tope tupu, miwani mikubwa kuliko uso. Anataka kitambaa cha kutundika kwenye chumba kipya cha sayansi: vipande vya mraba sitini na vinne, rangi ishirini na moja, na kila kipande kidariziwe herufi tatu. Kiwe tayari tarehe 30 Mei, siku ya ufunguzi. Nikamuuliza kwa nini wasipake rangi ukutani, yaishe. Akasema ukuta wenyewe unavuja. Hapo akaniweza.

Kisha akanikunjulia karatasi yenye jedwali, nami nikajidunga sindano. A, C, G, U, zimepangwa tatu tatu, mstari baada ya mstari. Herufi hizo nazijua. Nilishaziona kwa mwandiko wa mwanangu.

Nimeikubali kazi. Sikumwambia kitu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Suruali mbili, zipu moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nisipoliandika hapa sitaliandika popote.

Nina binti mmoja. Mtaa mzima ulimwita Kipenseli, kwa sababu tangu darasa la kwanza hakosi penseli sikioni, hata akienda kuoga. Alisoma hesabu chuoni, halafu akaziingiza hesabu zake kwenye mambo ya mwili, jinsi mtu anavyoandikwa ndani. Akinieleza nilikuwa naitikia "eeh, eeh" huku nahesabu vifungo.

Miaka minne iliyopita, msimu kama huu, alikuja likizo na karatasi kubwa kama shuka. Katikati jedwali, pembeni maandishi madogo madogo, kazi ya miaka miwili. Aliitandaza kwenye meza yangu ya kukatia ili wino ukauke, akaenda kuoga. Mimi nilikuwa na sare kumi na mbili za wauguzi za kukabidhi kesho yake, karatasi za kukatia zimeniishia, na maduka yamefungwa kwa maji. Nikaona karatasi nzuri, ngumu, ina mkunjo katikati. Fundi haoni maandishi, anaona ukubwa. Nikaikata palepale kwenye mkunjo, nikatoa mgongo wa gauni. Mgongo tunakata nusu tu; ukikunja kitambaa, nusu ya pili inatoka yenyewe. Ile nusu nyingine ya karatasi nikaikata mifuko na kola, ikalowa, nikaifagia.

Akatoka na taulo kichwani. Akaangalia meza, akaangalia mkasi. Nami, badala ya kusema neno la maana, nikasema: "Karatasi tu hiyo, utaandika nyingine."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga begi siku ileile. Kila Jumapili anampigia mama yake mdogo, wanacheka saa nzima. Mimi hanipigii. Nami sijampigia, maana kila mwaka najiambia mtoto ndiye anayeanza.

Ile nusu ya mgongo bado ipo, iko msumarini nyuma ya mlango. Haijapita wiki sijaitumia. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wametembea na hesabu za mwanangu mgongoni, wala hawajui.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu kaja na vitambaa, ikabidi anieleze ninachoshona. Nilimwambia sishoni nisichokielewa. Uongo mtupu, nimeshashona majoho ya mahakimu.

"Mama, mwili una herufi nne," akasema, amekaa kwenye kigoda cha wateja. "Kila neno lina herufi tatu. Nne mara nne mara nne, ngapi?"

"Sitini na nne. Usinifanye mwanafunzi wako."

"Samahani, mama. Sasa kila neno linaita asidi amino moja. Chukulia ni shanga. Mwili unasoma neno, unachukua shanga, unaitunga kwenye uzi. Uzi ukikamilika ndiyo protini: nyama, nywele, kucha, kila kitu."

Shanga zenyewe ni za aina ishirini tu, kwa hiyo maneno mengi yanaita shanga ileile. Maneno matatu hayaiti chochote, yanasema simama.

"Hapo mtu anakata uzi," nikasema.

"Hapo hapo!" Akapiga makofi. Basi kila shanga ina rangi yake, na maneno ya kusimama ni meusi. Nilidhani kanaringa haka kasichana, kumbe ni furaha tu imemzidi umri.

Jirani yangu Mpiga Pasi, ambaye tunatenganishwa na ubao mmoja na masikio yake hayana ubao, akauliza kwa sauti: "Na mwenye kipara, shanga zake zimeishia wapi?" Tukacheka wote watatu. Kipenseli angemjibu kwa hesabu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekata vipande vyote. Mkono unauma.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimeona kitu.

Nilikuwa nimevipanga sakafuni vinne vinne. Maneno manne yanayoanza na herufi mbili zilezile nimeyafanya nyumba moja, kwa hiyo nina nyumba kumi na sita. Nikasimama juu ya kiti nione kama rangi zinapatana. Nyumba nane zimetulia, kila moja ina rangi moja tupu. GG hizo, weka herufi yoyote ya tatu, rangi haibadiliki. Nyumba nane zimechanganyika, herufi ya tatu ikigeuka na rangi inageuka. Nane kwa nane. Jambo likigawanyika sawasawa namna hiyo, fundi anajua kuna mkunjo mahali.

Nikashuka kitini, nikaenda nyuma ya mlango, nikaitoa ile nusu msumarini. Miaka minne nimeizungusha chaki pembeni, sijawahi kuisoma. Nyumba zilizoandikwa pale ni zile nane zilizotulia, hakuna hata moja iliyochanganyika. Kila moja ina mshale, na kila mshale unakwenda mpaka kwenye ukingo nilioukata, unaishia hewani. Chini kaandika: "A kwa C, G kwa U."

Nikachukua chaki nikajaribu sakafuni. GG, badilisha kila G iwe U: UU. Hiyo ni nyumba iliyochanganyika. CC inakuwa AA, nayo imechanganyika. Nikaenda moja moja mpaka ya nane, magoti yakaniuma. Kila nyumba tulivu iliangukia kwenye nyumba yenye fujo, wala hazikugongana mbili mahali pamoja. Kama mkono wa kulia wa shati na wa kushoto.

Nilimwita Mwalimu kutoka ng'ambo, akaja mbio na mwavuli uliovunjika. Akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. "Mama, hili jambo wataalamu wanalijua, lakini mimi sijawahi kumfundisha mtu. Nani kakuonyesha?"

Nikasema, "Mwanangu." Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu mwaka huu.

Alipoondoka nikarudi kusoma maandishi ya pembeni. Mara tatu ameandika "sababu: tazama upande wa pili." Upande wa pili niliufagia. Na pale kwenye shimo la kwapa, nilipopitisha mkasi, imebaki nusu ya mstari: "...kama Mama anavyokunja kitambaa kabla ya kukata."

Nimefunga duka saa tisa mchana. Wateja wameniona nalia, na waone.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimedarizi maneno sita. Namtamani mwanangu kama mtu anayetamani maji ya kunywa, na huku nje maji yamejaa mpaka kizingitini.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekaa na simu tangu asubuhi. Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nimemtumia: "Huku mvua imenyesha sana."

Alhamisi, 10 Aprili

Kimya.

Ijumaa, 11 Aprili

Kimya. Nimeshona kipande cha AUG kichwa chini, nimekifumua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpiga Pasi kaniuliza kwa nini naiangalia simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kwa hasira nikamsomea nilichotuma. Akaiweka pasi yake pembeni, jambo asilolifanya hata akipita kiongozi.

"Fundi, umemkosea mtoto, halafu unampa habari za hali ya hewa?"

Nikamwambia ashike mashati yake. Miaka sita tumepakana, nimemwona mmbea tu. Mchana nikampelekea chai. Hakusema "nilikuambia", na kwa hilo nimemheshimu.

Ijumaa, 25 Aprili

Vipande vyote sitini na vinne vimeungana. Nimevipanga kwa mpango wa Kipenseli: nyumba tulivu kushoto, zenye fujo kulia, kila moja ikitazamana na mwenzake. Mwalimu kakubali, anasema jedwali la kitabuni halina uzuri huu.

Nilikuwa na tamaa moja ya kijinga, sasa naiandika. Nilidhani kwa kuwa nusu moja inaitoa nyingine, ningeweza kuirudisha ile karatasi yote. Nimejaribu. Majina ya nyumba nane yanarudi, hayana ubishi. Lakini jinsi kila nyumba ilivyojigawa ndani, rangi ipi iende wapi, hilo nusu ya kwanza hailijui, nimelitoa kwenye jedwali la Mwalimu. Na maneno aliyoandika mwanangu pembeni hayapo kwenye jedwali la mtu yeyote.

Alhamisi, 8 Mei

Pindo limekamilika. Mwalimu alinipa michoro ya shanga zote ishirini, kila moja ina umbo lake na tawi lake, akataka nizishone pembeni upande wa kushoto, halafu nizirudie upande wa kulia. Nimezishona kwa uzi wa dhahabu. Za kulia nimezigeuza, kama tunavyogeuza kifua cha koti, ili zitazamane. Kitambaa kimesimama kama bwana harusi. Mwalimu kakizunguka mara tatu.

Mdogo wangu alipitia jioni, akakipiga picha. Nikamuuliza picha ya nini. "Ya kuangalia tu, dada."

Jumapili, 11 Mei

Mdogo wangu kaja asubuhi kabla sijafungua dirisha, mvua imemlowesha mpaka kilemba. Akaninyooshea simu yake bila hata salamu.

Alimtumia Kipenseli ile picha. Chini yake kuna maneno ya Kipenseli, na mdogo wangu hakuyafunika kwa kidole, kaniachia niyasome yote:

"Mwambie Mama upande wa kulia amekosea. Amezigeuza. Shanga zina mkono, kama glavu: protini za mwili zinajengwa kwa za kushoto tu. Alizoshona kulia ni za kwenye kioo. Atazame, wageni watamcheka. Isipokuwa ile ndogo kuliko zote, glisini, hiyo ukiigeuza ni ileile, aiache."

Nilisoma mara nne. Mdogo wangu alidhani nimeudhika, akaanza kunipoza: "Dada, unamjua, hajui kubembeleza..." Nikamwambia anyamaze. Mwanangu kasema "Mama". Kasema "aiache". Miaka minne hakuniambia hata nife, na leo hakuweza kuvumilia kuona pindo langu limekosewa. Huyu ni mtoto wangu kabisa, mimi nami siwezi kumpita mtu barabarani kola yake imepinda.

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu alipoambiwa alishika kichwa. "Mama, nimefundisha jambo hili mwezi uliopita tu!" Aliona aibu mpaka nikamhurumia. Nikamwambia uzuri umetupofusha sote wawili, lete wembe tufumue.

Tumefumua kumi na tisa. Ndogo nimeiacha.

Kisha nikaandika ujumbe, safari hii sikumpa habari za mvua. Naunakili hapa ili nisije nikajisahaulisha: "Mwanangu, nilikata kazi yako ya miaka miwili bila kuuliza. Halafu nikakuambia ni karatasi tu. La pili ni baya kuliko la kwanza. Nisamehe. Pindo nimelifumua, ulikuwa sahihi. Nusu iliyobaki naijua sasa, nimeisoma. Sikujua uliniandika humo. Mama yako."

Nimetuma saa tano na dakika kumi.

Ijumaa, 16 Mei

Kimya. Nimeshona upya shanga tisa.

Jumanne, 20 Mei

Kimya. Nimezimaliza zote. Mvua zinapungua, barabara imeanza kuonekana. Mpiga Pasi ananiletea chai sasa bila kuulizwa, na kupitia ubao ule hajatia neno. Kumbe anaweza.

Jumapili, 25 Mei

Leo ni siku yake ya kumpigia mama yake mdogo. Nilijifanya nina shughuli kwa mdogo wangu, nikakaa sebuleni nafuta vikombe safi. Simu ikalia. Mdogo wangu akaongea chumbani, mlango umefungwa. Alitoka akasema, "Anakusalimu." Nikauliza, "Basi?" Akasema, "Kaniuliza kama ile nusu kweli bado ipo. Nimemwambia ipo, iko msumarini, imechakaa ukingo." Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikufungua mwavuli.

Jumanne, 27 Mei

Sijui nianzie wapi.

Saa nne kaja mtu wa vifurushi na bomba refu la karatasi ngumu, jina langu juu yake. Nilidhani ni la Mwalimu. Mpiga Pasi ndiye aliyesema, "Fundi, huo si mwandiko wa Kipenseli?"

Ndani mlikuwa na karatasi. Nusu ya jedwali. Nyumba nane zenye fujo, zote, kila moja imejigawa ndani kwa wino, na mishale minane inayokuja kutoka ukingoni. Na ukingoni hapo, juu mpaka chini, amechora mstari wa nukta nukta, kisha akaacha karatasi tupu ya sentimita moja na nusu. Nilimfundisha hilo akiwa na miaka saba, amesimama juu ya kigoda hikihiki: usikate kwenye mstari, acha nafasi ya mshono.

Barua ni fupi:

"Mama, shikamoo. Sababu niliyokuwa nimeiandika upande ule ilikuwa ya makosa. Niligundua mwaka uliofuata. Ningekuambia, lakini nilikuwa bado nimekasirika, na hasira ilikuwa tamu. Kwa nini nusu mbili zinalingana hivyo, bado sijui. Ndiyo kazi yangu sasa. Wazo la mkunjo ni lako, nilikuwa nakutazama toka utoto. Hii ni nusu nyingine. Usikate. Wala usishone. Nikifunga chuo mwezi wa nane nitakuja, tuiunganishe."

Nimemsomea Mpiga Pasi kupitia ubao. Akasema moshi wa mkaa umemwingia machoni. Pasi yake ni ya umeme.

Ijumaa, 30 Mei

Ufunguzi umepita. Kitambaa kimetundikwa, wageni wamekipiga picha, ukuta unavuja nyuma yake kimyakimya. Mwalimu alisimama akaeleza nane kwa nane, A kwa C na G kwa U, halafu akasema kwa kipaza sauti kwamba mpango huu ni wa binti wa fundi. Watu wakapiga makofi. Wanafunzi wawili walikwenda kuitafuta ile ndogo isiyo na mkono, wakaipata pande zote mbili, wakabishana ipi iligeuzwa. Hawakuweza kujua. Hata mimi ingebidi nitazame daftari hili.

Nilirudi mapema. Jua limetoka, la kwanza la maana tangu Machi. Nikafuta meza ya kukatia, nikaitoa nusu ya zamani msumarini, nikailaza kando ya mpya.

Hazilingani. Ya zamani imeliwa na chaki na vidole, imepungua karibu upana wa kucha, na lile shimo la kwapa lipo palepale. Mishale ya upande huu inaikosa mishale ya upande ule kidogo. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkasi, ili niipunguze mpya ilingane. Nikaurudisha. Nikaupeleka mkasi kwa Mpiga Pasi, nikamwambia auweke kwake mpaka kesho, asiniulize.

Kisha nikazilaza tena, ukingo juu ya ukingo, nikazibana kwa pini. Pini saba. Mshono nimemwachia Kipenseli.